Kutoka kwenye majalada na WhatsApp hadi mfumo mmoja wa nyaraka: anza na fomu ya masurufu

Mwenye nyumba alipiga simu akidai kodi ya ofisi imelipwa pungufu. Mkurugenzi akaandika kwenye grupu la WhatsApp: "Nani ana mkataba wa pango?" Ndani ya dakika kumi zikaja nakala tatu. Moja iliitwa Mkataba_pango_mwisho, ya pili Mkataba_pango_mwisho2, na ya tatu ilikuwa picha iliyopigwa kwa simu. Nakala mbili za kwanza zilikuwa na kiasi tofauti cha kodi. Kwenye picha, mpigaji alikuwa ameziba tarakimu yenyewe kwa kidole gumba. Nakala yenye saini na muhuri ilionekana jioni, kwenye droo ya mhasibu, chini ya vitabu vya stakabadhi.

Ofisi hiyo ilikuwa mwezi wa saba ikilipia mfumo wa kutunza na kushirikiana nyaraka. Wafanyakazi walishapelekwa hotelini siku mbili kufundishwa, posho wakasaini. Nilipofungua mfumo wenyewe nikakuta mafolda 11, tisa matupu, na moja kati ya yale mawili lilikuwa na picha za sherehe ya mwisho wa mwaka.

Mwongozo huu ni kwa ofisi ya ukubwa huo: shirika, kampuni au SACCOS yenye watu kama 15 hadi 60, bila idara kubwa ya TEHAMA. Taasisi za serikali ya Tanzania zina njia yake, zina mfumo wa e-Office na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwa hiyo huko suala la kuchagua programu halipo mikononi mwa mkuu wa ofisi. Hatua za 1, 3 na 7 hata hivyo zitawafaa.

Hatua ya 1: Fuata karatasi moja kwa wiki nzima

Usianze kwa kuangalia programu. Chukua nyaraka ya aina moja inayozunguka kila siku na uifuate kwa miguu. Mimi huchagua fomu ya maombi ya masurufu, yaani fedha anazopewa mtumishi mapema kwa safari au kazi ya ofisi kisha azitolee marejesho, kwa sababu ina fedha ndani yake na hakuna anayeisahau.

Andika kila meza inapopita. Kwenye ofisi ile safari ilikuwa hivi: afisa anajaza, mkuu wa kitengo anasaini, mhasibu anaangalia kifungu cha bajeti, mkurugenzi anaidhinisha, inarudi kwa mhasibu kwa malipo. Saini nne. Kwenye makaratasi ya utaratibu hiyo ni kazi ya siku moja. Kwa kuifuata nikaona inachukua siku nne, na tatu kati ya hizo fomu imelala kwenye trei ya mkurugenzi akiwa safarini. Watu wenye haraka walikuwa wanaipiga picha na kumtumia kwa WhatsApp, naye anajibu kwa kidole gumba. Mhasibu analipa kwa kidole gumba hicho.

Halafu kulikuwa na kitu ambacho muuza programu hakukiona kabisa: daftari la katibu muhtasi. Kila karatasi iliyoingia kwa bosi aliiandika tarehe, ilikotoka, ilikoenda, na aliyepokea akasaini. Nilipomweleza kuhusu mfumo mpya, aliniuliza:

"Mwanangu, nikiituma huko ndani, nitajuaje kama bosi ameiona?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Mfumo ulikuwa umewekwa kama kabati la kuhifadhia, haukuonyesha nyaraka iko kwa nani. Ndiyo maana mama yule aliendelea na daftari lake, na ofisi nzima iliendelea kumwuliza yeye. Kabla hujalipia chochote, tafuta daftari la namna hiyo kwenye ofisi yako. Linaweza kuwa shajara, karatasi iliyobandikwa ukutani, au kichwa cha mtu mmoja anayekumbuka kila kitu. Orodhesha maswali linayoyajibu. Hayo ndiyo mahitaji yako, na mfumo usioweza kuyajibu utaachwa.

Hatua ya 2: Chagua mfumo kwa kuangalia nani atautunza

Kwa ofisi nyingi uchaguzi unaishia kwenye mitatu: Google Workspace, Microsoft 365 yenye SharePoint (sehemu yake ya kutunzia nyaraka) na Teams (ya mazungumzo na vikao), au Nextcloud unayoiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe. Yote inafanya kazi. Kama watu wako wanaishi ndani ya Excel na Word, Microsoft itawasumbua kidogo zaidi mwanzoni. Kama wanafanya kazi kwa simu na barua pepe zao tayari ni Gmail, nenda Google. Mashirika yasiyo ya kiserikali yaulize kwanza mpango maalumu wa mashirika, kampuni zote mbili zinao. Nextcloud programu yake ni ya bure, lakini unanunua kompyuta ya seva, betri ya kuilinda umeme ukikatika, na mtu wa kuamka usiku ikizima. Ofisi ambayo fundi wake wa kompyuta huja Jumamosi tu isijaribu.

Mambo mawili yaulizwe kabla ya kusaini.

La kwanza, nani anamiliki akaunti kuu na kadi inayolipia? Nimeona ofisi ikifungiwa nyaraka zake zote kwa sababu leseni zilikuwa zinakatwa kwenye kadi ya mhasibu aliyekwisha kuondoka. Akaunti kuu iwe na wasimamizi wawili, na msimbo wa uthibitisho usiishie kwenye laini ya simu ya mtu mmoja. Na msiendeshe ofisi kwa akaunti binafsi za Gmail kwa kuwa ni za bure. Zina GB 15 zinazogawanywa na barua pepe na picha, na mwenye akaunti akiondoka anaondoka nazo.

La pili ni sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Majalada ya watumishi, taarifa za wateja au wagonjwa, vyote ni taarifa binafsi, na seva za kampuni hizi ziko nje ya nchi. Ongea na mwanasheria wenu kuhusu usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na masharti ya kusafirisha taarifa nje kabla ya kupakia jalada la kwanza.

Hatua ya 3: Kubalianeni majina kabla ya kuhamisha chochote

Hapa ndipo kazi iliyo nyingi, na ndipo watu hupita haraka kwa sababu inaonekana ya karani.

Panga mafolda kwa shughuli, usipange kwa majina ya watu. Folda liitwalo "Vitu vya Juma" linakufa siku Juma akihama. Fedha, Watumishi, Miradi, Manunuzi, Mikataba, Vikao: sita au saba yanatosha ngazi ya juu, na chini yake msishuke zaidi ya ngazi tatu. Chagueni lugha moja. Ofisi zetu zina tabia ya kuwa na folda la Mikataba na lingine la Contracts yakikaa ubavu kwa ubavu, kila moja likiwa na nusu ya mikataba.

Kisha namba za kumbukumbu. Sisi tumelelewa na masijala, kwa hiyo barua zetu zina namba kama FD/12/2024/07. Ile mistari ya mshazari haikubaliki kwenye jina la faili katika Windows wala SharePoint, pamoja na alama za * : ? " < > | na mshazari wa kinyume. Karani akikataliwa mara tatu anabuni jina lake: barua mpya, barua mpya 2. Amueni mapema kwamba mshazari unageuka kuwa kistari: FD-12-2024-07. Namba inabaki ileile inayosomeka kwenye karatasi, na ukiitafuta unaipata.

Tarehe ianze na mwaka: 2025-03-14, ili faili zijipange zenyewe. Ukiandika 14-3-2025, ya Machi na ya Desemba zitachanganyika. Mfano mzima: 2025-03-14_FD-12-2024-07_Mkataba-pango. Neno "mwisho" lipigwe marufuku kwenye jina la faili. Mifumo hii inatunza matoleo ya nyuma yenyewe, kwa hiyo faili linabaki moja na unaweza kufungua lilivyokuwa wiki iliyopita. Waonyesheni watu hilo kwa macho yao, maana "mwisho2" huandikwa kwa woga wa kupoteza cha jana.

Msirefushe majina kupita kiasi. Windows kwa kawaida inagoma njia ya faili ikizidi herufi 260, na SharePoint inaishia herufi 400, majina ya mafolda yote yakihesabiwa. Ofisi yenye folda liitwalo kwa jina kamili la mradi wa mfadhili, ndani yake jina hilohilo tena, hufika huko upesi, na faili linakataa kusawazishwa, yaani kulingana kati ya kompyuta na mfumo, bila maelezo yanayoeleweka.

Andikeni haya yote kwenye ukurasa mmoja, uchapwe, ubandikwe karibu na skana. Ukurasa mmoja. Kanuni ya kurasa 14 niliwahi kuikuta imehifadhiwa vizuri sana kwenye folda ambalo hakuna aliyewahi kulifungua.

Hatua ya 4: Skani kidogo

Piga hesabu kabla ya kuahidi kwamba ofisi itakuwa haina karatasi. Majalada 120 yenye kurasa 200 kila moja ni kurasa 24,000. Karani anayetoa pini, kunyoosha kona, kuskani, kukagua na kuipa kila nyaraka jina sahihi, kwa makadirio yangu hufanya kama kurasa 400 kwa siku. Hizo ni siku 60 za kazi, bila likizo wala umeme kukatika. Ofisi nyingi huishia jalada la tisa.

Kwa hiyo wekeni tarehe ya kuanzia: kila kinachoingia kuanzia siku hiyo kinaskaniwa, cha zamani kinaskaniwa siku kinapohitajika. Mikataba inayoendelea na majalada ya watumishi waliopo ndiyo pekee ya kurudi nyuma. Skana iwekwe nukta 300 kwa inchi, rangi nyeusi na nyeupe kwa barua za kawaida, na matokeo yawe PDF inayotafutika maneno. Programu ya bure ya Tesseract inasoma Kiswahili, ila mwandiko wa mkono wa mwenyekiti wa kijiji itakuachia usome mwenyewe.

Karatasi halisi za mikataba, hati na vocha zisichomwe moto kwa furaha. Kumbukumbu za kodi Tanzania zinatakiwa kutunzwa miaka 5, na mkaguzi anaweza kutaka kuona saini yenyewe.

Hatua ya 5: Ruhusa, na hofu ya mishahara

Ukisema "nyaraka zote zitakuwa sehemu moja", kila mtu kimoyomoyo anawaza mshahara wake. Jibu hofu hiyo kwanza. Fungua akaunti ya mfanyakazi wa kawaida mbele ya watu, ionekane kwamba folda la Watumishi halipo kabisa kwenye orodha yake.

Toa ruhusa kwa makundi, kama Wahasibu, Miradi na Menejimenti. Anayehamishwa kitengo anatolewa kundi moja na kuingizwa jingine, kazi imekwisha. Zima uwezo wa kutengeneza kiungo ambacho mtu yeyote akikipata anafungua, kwa sababu viungo hivyo husafiri kwenye magrupu. Nyaraka za ofisi zikae kwenye hifadhi ya pamoja, zisikae kwenye hifadhi ya mtu. Kwenye Google, akaunti ya aliyeondoka ikifutwa bila kuhamisha faili zake, msimamizi ana siku 20 tu za kuirejesha. OneDrive ya mtumishi aliyefutwa kwa kawaida hukaa siku 30. Hiyo ni ndogo kuliko muda ambao ofisi nyingi hutumia kumtafuta mrithi wa nafasi.

Hatua ya 6: Jiandaeni kwa siku ambayo mtandao haupo

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Ofisi zilizokuwa zimehamia mtandaoni bila nakala zilikaa zikitazama duara likizunguka. Wale wenye watu wasioupenda mfumo walipata hoja ya mwaka mzima.

Chagueni mafolda machache yanayohitajika hata giza likiingia, yawekwe yapatikane bila intaneti kwenye kompyuta mbili au tatu. Msifanye hivyo kwa kila folda na kila mtu, maana watu wawili wakihariri faili lilelile bila mtandao, unarudi na nakala mbili zinazogombana, ugonjwa uleule mliotoka nao. Fomu za karatasi za masurufu zibaki kwenye droo, na kanuni iwe kwamba iliyojazwa kwa karatasi inaingizwa kwenye mfumo siku ya kazi inayofuata mtandao ukirudi.

Na bando. Kama afisa wa uwandani anatarajiwa kupakia ripoti kwa simu yake, ofisi imlipie. Usipolipa, ripoti zitakuja zote Ijumaa anapofika kwenye Wi-Fi ya ofisi, halafu mtasema watu ni wavivu.

Hatua ya 7: Fundisha mtu kwenye meza yake

Ukumbi wa hoteli haufai. Mkufunzi anatumia mfano wa kampuni ya kubuni, watu wanaitikia, chai inakuja. Badala yake kaa na kila mtu dakika 20 kwenye kiti chake, na kazi yake halisi ya siku hiyo. Mhasibu apakie vocha ya leo. Afisa aombe masurufu ya safari anayokwenda kweli.

Heshima izingatiwe. Kijana wa TEHAMA wa miaka 24 hawezi kumkosoa mkuu wa kitengo mbele ya walio chini yake, na mkuu akijiona ataaibika hatauliza swali. Atamwachia katibu wake nywila yake na mambo yatakwisha hapo. Wakubwa wafundishwe peke yao, mlango umefungwa, baada ya shikamoo na habari za nyumbani. Yule mama wa daftari nilimfundisha wa kwanza. Tukamtengenezea orodha ndani ya mfumo yenye safu zilezile za daftari lake, pamoja na safu inayobadilika yenyewe fomu ikifunguliwa na bosi. Baada ya hapo waliomwuliza "fomu yangu iko wapi" aliwageuzia kompyuta waangalie wenyewe, na wengi walijifunza mfumo kwa njia hiyo kuliko kwangu.

Jambo dogo linalovuruga kalenda: saa. Mtu anaambiwa kikao ni saa 3, anaandika 3:00 kwenye kalenda, na simu inawaamsha watu kumi na wawili karibu saa 9 usiku kuwakumbusha kikao cha asubuhi. Semeni wazi siku ya kwanza kwamba kalenda inahesabu kuanzia usiku wa manane, saa 3 asubuhi yetu inaandikwa 09:00.

Hatua ya 8: Funga mlango wa zamani, mmoja tu

Hapa mifumo mingi hufia. Njia ya zamani na mpya zikiachwa wazi zote, watu watapita ya zamani, na sitawalaumu.

Tangazeni tarehe moja kwa nyaraka moja. Kwetu ilikuwa: kuanzia tarehe 1, mhasibu halipi masurufu ambayo hayapo kwenye mfumo. Hakuna vita na WhatsApp, watu waendelee kutumiana pole na hongera. Lakini fedha zinapita mlango mmoja. Nguvu yote iko kwa mhasibu, kwa hiyo apewe barua ya mkurugenzi ya kumkinga, maana wiki ya kwanza atagombana na watu wanaomzidi cheo.

Mtihani wenyewe unakuja kwa mkurugenzi. Siku ya tatu mkuu mmoja wa kitengo alimtumia picha ya fomu kwa WhatsApp, gari likiwa linanguruma nje. Nilikuwa chumbani. Mkurugenzi aliishika simu, akanitazama, akaandika: "Iweke kwenye mfumo, nasaini huko sasa hivi." Ilichukua dakika nne. Gari lilichelewa kidogo, na habari ikafika ofisi ndogo za mikoani kabla ya gari lenyewe. Kama bosi wako hawezi kuandika sentensi ile, ahirisha mradi mpaka aweze. Utaokoa ada za leseni.

Hatua ya 9: Baada ya miezi mitatu, hesabu na ujaribu kurejesha

Usiulize watu kama wanaupenda mfumo. Chukua taarifa ya benki, hesabu malipo ya masurufu ya mwezi, kisha hesabu maombi yaliyoidhinishwa ndani ya mfumo. Namba zikitofautiana, tafuta yaliyopita dirishani na uulize kwa upole yalipita kwa nini. Mara nyingi utakuta sababu halali, kwa mfano fomu inadai namba ya mradi ambayo dereva hana. Rekebisha fomu.

Kisha futa faili moja la majaribio na umwambie msimamizi alirejeshe mbele yako. Takataka za Google Drive hujisafisha baada ya siku 30, za SharePoint baada ya siku 93. Baada ya hapo unategemea nakala ya akiba, na kusawazisha na kompyuta hakuhesabiki kama akiba, kwa sababu ukifuta faili huku, kule nako linafutika. Diski ya nje inayonakiliwa kila Ijumaa na kulala nje ya jengo inatosha kwa ofisi ndogo, mradi mtu awe amewahi kufungua kilichomo.

Masurufu yakishatulia, ongeza marejesho yake, kisha likizo, kisha manunuzi. Mikataba iache mwisho ingawa ndiyo iliyoanzisha kelele zote: ni michache, ina wakubwa wengi, na kila mmoja ana nakala yake kwenye droo. Ofisi ile ilifika kwenye mikataba mwezi wa tisa. Wa pango ulikuwa wa kwanza kuingizwa, na mhasibu ndiye aliyeuskani.